Mashine Imepata Virusi: Faili Zilizofichwa Si Faili Zilizopotea

Asubuhi ile, miaka kadhaa iliyopita, foleni ya kliniki ya tiba na matunzo ilikuwa imeshafika kwenye veranda. Nilikuwa nimekwenda kuwasimamia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo katika kituo kimoja cha afya katikati ya jiji la Dar es Salaam, na tulikuwa tumekaa karibu na dirisha la kumbukumbu, pale ambapo kadi hutafutwa na majina huitwa. Ilipofika saa mbili na nusu majina yalikoma. Karani wa takwimu alitoa kichwa dirishani akawaomba radhi waliokuwa wakisubiri: mashine imepata virusi, wavumilie kidogo. Ukimya uliofuata ulikuwa wa namna yake, kwa maana katika veranda ile neno virusi lina maana moja tu. Bibi mmoja wa benchi la mbele, mwenye kitenge begani, akauliza kwa upole kabisa kama mashine hiyo imeambukizwa na mafaili yao.

Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao. Hata hivyo swali lake lilistahili jibu, na kwa kuwa jarida hili husomwa na wagonjwa kama linavyosomwa na watumishi, nianze nalo. Kirusi cha kompyuta si kiumbe. Hakiishi katika damu wala hewani, hakiwezi kutoka katika mashine kikamwingia mtu, wala kutoka kwa mtu kikaingia katika mashine. Ni amri zilizoandikwa na binadamu, kama mtu aandikavyo barua, isipokuwa barua hii ina sentensi moja inayoamuru: ninakili, kisha unipeleke kwa jirani. Mfanano wake na maradhi uko hapo. Kirusi cha kompyuta, kama kile cha mwilini, hakiwezi kujiendesha. Hujipachika katika programu au diski ya mwingine na kutumia nguvu za mwenyeji wake kujizalisha. Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu nchini Marekani, alilitumia jina hilo katika andiko lake la mwaka 1984, nalo likashika. Kiswahili kikalipokea neno lile lile kwa mambo yote mawili. Sina ugomvi na wanaisimu, ila katika veranda kama ile ningemshauri karani aseme tu kwamba mashine imeharibika.

Mashine yenyewe ilikuwa ya mtumba: boksi zito la mezani, kioo kinene chenye mgongo mkubwa, na ubavuni kibandiko cha Kijerumani cha ofisi iliyoitumia kabla haijavuka bahari. Ndani yake mlikuwa na Windows XP, pamoja na antivairasi ambayo alama yake ilikuwa imegeuka nyekundu kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna aliyeiona tena. Haikuunganishwa na intaneti. Orodha ya wagonjwa ilikuwa humo, na nakala yake ya akiba ilikuwa moja tu, katika flashi iliyoning'inia kwenye funguo za karani. Jana yake jioni aliipeleka flashi hiyo steshenari ili achapishe ripoti ya mwezi, kwa sababu wino wa printa ya kituo ulikuwa umekwisha. Asubuhi alipoichomeka, folda zote zilikuwa zimegeuka vialama vyenye mshale mdogo. Alipovibofya hakikufunguka kitu, na muda si mrefu folda za ndani ya mashine nazo zikatoweka machoni.

Tulifanya kile ambacho kila mtu wa mjini angefanya. Tulivuka viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu, tukaingia Kariakoo. Anayepajua Kariakoo hahitaji kuelezwa: mikokoteni, wabeba mizigo wanaoomba njia, na chini ya kila ngazi ya ghorofa meza ya upana wa mikono miwili yenye bisibisi, waya na kompyuta iliyo wazi kama mgonjwa wa upasuaji. Fundi wa kwanza hakuichunguza flashi hata dakika moja. Akasema ipigwe fomati, kisha mashine nayo iletwe apige Windows upya, na mambo yatakwisha. Simlaumu sana. Mafundi wetu wamezoea kupiga Windows kama zamani baadhi yetu tulivyozoea kupiga sindano kwa kila homa. Mteja huondoka ameridhika, na asiyerudi huhesabiwa kuwa amepona. Lakini kupiga fomati ni kufuta. Kama karani angeitikia kwa kichwa, orodha ya wagonjwa ingeondoka na virusi.

Aliyetuokoa ni fundi wa meza ya pili, mtu mzima kidogo, aliyeinama akatazama kitu kimoja tu: ni nafasi kiasi gani ya flashi imeshatumika. Kwa macho flashi ilikuwa tupu, lakini hesabu ilionyesha kwamba zaidi ya nusu yake ilikuwa imejaa. Mzigo upo, akasema, umefunikwa tu. Kirusi cha aina ile hakifuti folda. Huzipa alama ya kufichwa, kisha huweka mahali pake kialama bandia chenye jina lile lile, ili mwenye flashi akibofya akidhani anafungua folda yake, awe kwa kweli anakiendesha kirusi.

Akatuomba tumwachie flashi hadi saa kumi jioni. Hapo nikamwona karani akifunga kiganja. Ndani ya kile kipande cha plastiki kisichozidi kidole mlikuwa na majina ya watu, mitaa wanayoishi, namba zao za simu, dawa wanazotumia na tarehe walizoanza kuzitumia. Yule bibi wa kitenge alikuwa humo. Fundi alikuwa mwungwana, na pengine asingefungua hata faili moja, lakini hakuna mgonjwa aliyekuwa ametupa ruhusa ya kuiacha siri yake juu ya meza chini ya ngazi. Tulimshukuru, tukalipia ushauri, tukarudi na flashi yetu.

Njiani nilikumbuka kisa nilichokuwa nimekisoma zamani, kinachofanana na hiki kwa namna ya kushangaza, na ambacho kilianza kwa watu wa kazi yetu.

Desemba 1989 bahasha zipatazo 20,000 zilisambazwa kwa posta kutoka London kwenda nchi nyingi. Ndani ya kila bahasha kulikuwa na disketi, ile ya zamani ya inchi 5.25 iliyokuwa laini kama karatasi ngumu, yenye jina lililoahidi maelezo ya utangulizi kuhusu UKIMWI. Baadhi ya anwani zilitoka katika orodha ya wasomaji wa jarida la kompyuta la Uingereza, PC Business World. Nyingine zilikuwa za watu waliohudhuria mkutano wa kimataifa wa UKIMWI. Vijana wa leo watashangaa kwamba mtu aliweza kuchomeka disketi asiyoijua itokako. Lakini kumbuka miaka ile. Tanzania ilikuwa imepata wagonjwa wake watatu wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka sita baadaye hatukuwa na dawa za kufubaza za kuwapa watu. Tulichokuwa nacho ni maelezo, na maelezo yalikuwa haba. Disketi ya UKIMWI ilipokelewa na madaktari na watafiti kama mwenye kiu apokeavyo kata ya maji.

Programu ile ilifanya ilichoahidi. Ilimuuliza mtu maswali kuhusu mwenendo wake, ikamkadiria hatari ya kuambukizwa, ikampa ushauri. Wakati huo huo ilibadilisha faili inayosomwa kila kompyuta inapowashwa, ikaanza kuhesabu. Mashine iliwashwa na kuzimwa siku nenda siku rudi pasipo dalili yoyote. Sisi tungesema iko katika muda wa kuatamia. Ilipokaribia kuwashwa mara ya 90, folda zilifichwa na majina ya faili yakavurugwa yasisomeke. Kisha mtumiaji akaagizwa awashe printa, nayo ikatoa hati ya madai: dola 189 za Marekani zitumwe kwenye sanduku la posta nchini Panama, kwa kampuni iliyojiita PC Cyborg Corporation. Wataalamu husema haikuwa kirusi kwa maana kamili, kwa kuwa haikujinakili yenyewe kutoka disketi hadi disketi. Ulikuwa mtego. Lakini ndio mwanzo wa programu za kudai fidia zinazoitesa dunia hivi leo.

Anayetajwa kuwa mtungaji wake ni Joseph Popp, mwanabiolojia wa Marekani aliyesomea Harvard na kuwatafiti nyani nchini Kenya. Shaka juu yake ilianza katika uwanja wa ndege wa Amsterdam, alipokuwa akirejea kutoka Nairobi alikohudhuria kikao kuhusu UKIMWI, na tabia yake ikawashtua askari. Alikamatwa kwao Ohio, akapelekwa Uingereza kushtakiwa, na mwaka 1991 mahakama ikaamua kwamba afya yake ya akili haimruhusu kusimama kizimbani. Yeye alidai kwamba fedha zilikusudiwa utafiti wa UKIMWI. Msomaji na aamue mwenyewe. Mimi naona ni vigumu kumwelewa mtu aliyejua jinsi wauguzi na madaktari walivyokuwa wakihangaika, kisha akaitumia kiu yao kuwatega.

Jambo ninalotaka tulitazame kwa makini ni hili. Disketi ile haikugusa yaliyomo ndani ya faili. Ilivuruga majina tu, na ufunguo wa kuyarudisha ulikuwa umefichwa humo humo ndani ya programu. Mtaalamu wa Uingereza, Jim Bates, aliifungua akaona udhaifu huo, na programu zake za kuondoa mtego na kurudisha majina zikagawiwa bure. Lakini wako waliokuwa wameshachukua hatua yao. Kwa hofu walifuta diski zao zote. Iliripotiwa kwamba asasi moja ya UKIMWI nchini Italia ilipoteza kazi ya miaka 10 kwa njia hiyo. Hofu ilikamilisha kazi ambayo programu yenyewe haikuweza kuifanya, kama ilivyokaribia kutokea kwetu kwenye meza ya kwanza kule Kariakoo.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza tiba na virusi vya kompyuta kukutana. Kirusi cha kwanza kuenea duniani katika kompyuta za aina ya IBM PC, kiitwacho Brain, kilitoka Lahore nchini Pakistan mwaka 1986. Ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, walieleza kwamba walikitunga ili kulinda programu yao ya kitabibu isinakiliwe ovyo. Humo ndani waliandika majina, anwani na namba zao za simu, wakamwalika aliyeambukizwa awasiliane nao ili apate chanjo. Ndilo neno walilolitumia.

Chanjo hasa, yaani antivairasi, ilikuja muda mfupi baadaye: McAfee ya Marekani, Dr Solomon's ya Uingereza, F-PROT ya Iceland. Kanuni yake ya msingi ilikuwa ya askari wa getini mwenye albamu ya picha za wahalifu. Kila faili inapopita huilinganisha na picha alizonazo. Ikifanana na mojawapo huizuia. Mhalifu asiye na picha katika albamu hupita akimsalimu. Zama hizo kurasa mpya za albamu zilikuja katika disketi, baadaye zikaja kwa intaneti. Siku hizi antivairasi hutazama pia mwenendo wa programu na si sura yake pekee, lakini bado ile isiyopokea nyongeza inafanana na chanjo ya mafua ya mwaka juzi. Alama nyekundu kwenye kioo cha karani wetu ilikuwa ikilia hivyo kwa miezi. Na wale wanaoweka antivairasi mbili katika mashine moja kwa kudhani kinga itaongezeka maradufu, wajue kwamba askari wawili wa kampuni mbalimbali katika geti moja mara nyingi hukamatana wao kwa wao, na mashine kuukuu huelemewa.

Mashine hizi kuukuu zimefikaje kwetu? Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kwa miaka mingi iliyohitaji mashine ilipaswa kuomba kibali. Katazo lilipolegea miaka ya 1990, kiu ilikuwa kubwa na fedha ndogo. Ofisi za Ulaya zilipobadilisha mashine, za zamani zilipata wateja hapa. Sioni aibu katika jambo hilo. Kompyuta ya mtumba imesomesha wanafunzi wengi wa udaktari, na mimi ni mmojawapo. Tatizo lake ni kwamba muda wa matunzo yake huwa umekwisha au unakaribia kwisha. Windows XP iliacha kupokea marekebisho ya kawaida ya usalama Aprili 8, 2014. Windows 10, ambayo sasa ndiyo iliyojaa katika maduka ya mtumba, ilifikia siku hiyo Oktoba 14, 2025.

Kituo kisicho na intaneti kina adha yake ya pekee. Watu hudhani kwamba mashine iliyojitenga iko salama, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini virusi vya flashi vilistawi kwa sababu Windows za zamani zilikuwa na tabia ya kuendesha zenyewe kile kilichoagizwa na faili ya kuanzia iliyomo ndani ya flashi. Februari 2011 Microsoft ilisambaza marekebisho ya kuikomesha tabia hiyo. Yalisambazwa kwa intaneti. Mashine ya karani wetu, iliyojitenga ili iwe salama, haikuyapata kamwe, huku flashi ikiendelea kuingia na kutoka kila mwezi.

Basi ukiona folda zako zimegeuka vialama vyenye mshale, usibofye chochote wala usikubali kupigiwa fomati. Tazama kwanza nafasi iliyotumika. Ikiwa bado imejaa, zima, ukaipeleke flashi kwenye mashine yenye antivairasi iliyo hai, na iwe ya mwajiri wako au ya kitengo cha TEHAMA cha wilaya au hospitali. Iache antivairasi imwondoe mvamizi kwanza. Baada ya hapo ndipo faili zifunuliwe, ama kwa kuiamuru Windows ionyeshe vilivyofichwa, ama kwa amri ya zamani ya attrib ambayo mtu wa TEHAMA anaijua kwa moyo. Mpangilio huo una maana: ukifunua kabla ya kutibu, kirusi kitafunika tena.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba kila kilichofichwa hurudi. Programu za kudai fidia za leo hazivurugi majina tu. Hufunga yaliyomo kwa hesabu ambazo hakuna fundi wa Kariakoo wala wa London awezaye kuzifungua bila ufunguo. Mei 12, 2017 ile iitwayo WannaCry, iliyodai takriban dola 300 kwa kila mashine, ilivamia hospitali nyingi za Uingereza. Ilikadiriwa kwamba zaidi ya miadi 19,000 ya wagonjwa iliahirishwa. Marekebisho ya kuizuia yalikuwa yametolewa Machi ya mwaka ule ule, hayakuwekwa tu. Kwa janga la aina hiyo dawa ni moja, nayo hutengenezwa kabla ya ugonjwa: nakala ya akiba iliyokaa mbali na mashine, katika diski isiyochomekwa ila wakati wa kunakili, tena si ile flashi inayokwenda steshenari. Kwa kuchapisha ripoti, tumia flashi nyingine isiyo na kitu kingine, au barua pepe ya ofisi. Jina la mgonjwa lisifike steshenari hata kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na asiyeogopa sheria na amwogope mgonjwa wake atakayekutana naye sokoni.

Iko pia mashine ambayo haiwezi kubadilishwa: ile iliyofungwa pamoja na kipimo cha maabara, ambayo mtengenezaji alikiandikia programu ya Windows XP na hakuandika nyingine. Ukiitupa kompyuta umekitupa kipimo. Hiyo iachwe ifanye kazi yake moja, isiunganishwe na mtandao, na flashi yoyote ikaguliwe kwenye mashine nyingine kabla ya kuigusa.

Nawe mgonjwa, una haki ya kuuliza, kama alivyouliza yule bibi. Ukiambiwa mashine ni mbovu, uliza kama taarifa zako zina nakala, na uitunze kadi yako, kwa kuwa siku mashine inapolala kadi ndiyo husema lini ulikuja na ulipewa nini.

Siku ile kadi ndizo zilizosema. Tuliporudi karani alizitoa kabatini zile zinazobaki kituoni, akaanza kuwahudumia watu kwa kalamu, na foleni ikaisha saa tisa badala ya saa sita. Flashi ilisafishwa kesho yake na kijana wa TEHAMA, folda zikafunuliwa, zikakosekana kumbukumbu za siku tatu ambazo hazikuwa zimenakiliwa na ambazo mashine iligoma kuzirudisha. Karani aliziingiza upya kutoka kwenye kadi, moja baada ya nyingine, kwa muda wa wiki nzima. Mwezi uliofuata yule bibi alipofika dirishani, kabla hajatoa kadi, aliuliza kwanza hali ya mashine.